Sailensa za Bonneville ya 1969: kuchagua, kufunga na kuweka kabureta sawa ukiwa Nairobi

"Nina pikipiki ya Triumph Bonneville T120 ya mwaka 1969 niliyoachiwa na baba mdogo aliyekuwa Mombasa. Nimeileta Nairobi na kuifufua. Sailensa zake za zamani zilikuwa zimeoza kwa kutu, kwa hiyo fundi akanifungia zile za umbo la tarumbeta nilizoagiza mtandaoni. Ukichungulia kwa nyuma unaona hadi mbele. Tangu hapo inanguruma mpaka majirani wanalalamika, nikiachia mafuta inapiga risasi, mabomba mapya ya kromu yamegeuka buluu karibu na injini, na kati ya mizunguko 2,500 na 4,000 kwa dakika inazubaa kwanza ndipo inaamka. Fundi anasema tuongeze jeti, yaani vitundu vya petroli vya kabureta viwe vikubwa zaidi. Rafiki yangu anasema injini inataka moshi uirudie kidogo, kwa hiyo nizibe nyuma. Mwingine anasema nikirudisha sailensa za kawaida nitaua nguvu. Nimsikilize nani? Huwa nashuka nayo Mombasa mara mbili kwa mwaka, na siku moja ningependa kuipeleka kwenye Concours d'Elegance, yale mashindano ya magari na pikipiki zilizotunzwa, pale Ngong."

Ndugu msomaji, una malalamiko manne, na chanzo chake si kimoja. Ndiyo maana ushauri uliopewa unagongana. Kuzubaa kwa injini kunatokana na tarumbeta tupu. Risasi, kwa kiasi kikubwa, zinatokana na hewa inayoingia kwenye maungio ya bomba. Ubuluu ni alama ya joto, na joto hilo huenda lilitoka kwenye taimingi, yaani wakati cheche inapotokea, na si kwenye sailensa. Kisha kuna jambo ambalo hakuna aliyekutajia: pikipiki iliyokuwa imewekwa sawa kwa hewa ya Mombasa sasa inavuta hewa ya Nairobi. Mkianza na jeti, mtaficha kosa moja kwa kosa jingine, na pistoni ndiyo itakayolipa siku utakaposhuka pwani.

Jibu fupi ni hili. Tafuta sailensa zenye bomba la ndani lenye matundu, au mwambie fundi atengeneze bomba hilo na kuliingiza kwenye hizo ulizo nazo. Usiondoe kibomba kinachounganisha mabomba mawili kwa mbele. Ziba kila ungio, hakikisha taimingi, kisha ndipo ufungue kabureta. Mpangilio huo usiupindue.

Nianze na imani kwamba injini inataka moshi uirudie. Hakuna injini ya mipigo minne inayofaidika kwa kuzuiwa kutoa moshi. Kinachowachanganya watu ni kwamba pikipiki ikivuliwa sailensa mara nyingi inapoteza nguvu ya chini, nao wanahitimisha kwamba kizuizi ndicho kilichokuwa kinasaidia. Kilichopotea si kizuizi. Kilichopotea ni wimbi lililokuwa likirudi kwa wakati wake.

Valvu ya moshi inapofunguka, gesi iliyo ndani ya silinda bado ina shinikizo. Inapasuka kuingia kwenye bomba na kutuma wimbi linalosafiri kwa kasi ya sauti ndani ya gesi ya moto, takriban mita 500 hadi 600 kwa sekunde. Wimbi hilo likifika mahali bomba linapopanuka au kuishia, sehemu yake hugeuka na kurudi kwenye injini kama wimbi la kuvuta. Likiifikia valvu wakati ambapo valvu zote mbili ziko wazi, ya moshi ikimalizia kufunga na ya kuingiza ikianza kufunguka, linanyonya mabaki ya moshi na kuvuta mchanganyiko mpya uingie kabla pistoni haijaanza kushuka. Hiyo ni nguvu ya bure. Kwenye Bonneville kipindi hicho cha valvu zote kuwa wazi ni kirefu, zaidi ya digrii 50 za mzunguko wa krenki (mhimili unaozungushwa na pistoni), na ndiyo sababu injini hii inaathirika sana na kilichofungwa nyuma yake kuliko pikipiki nyingi za mizigo za enzi zake.

Shida ni kwamba wimbi lina saa yake na krenki ina saa yake. Chukua bomba la mita 1 hadi mahali linapopanuka. Kwenda na kurudi ni mita 2, yaani kama milisekunde 4. Kwa mizunguko 6,000 kwa dakika, krenki inazunguka digrii 144 katika muda huo. Kwa mizunguko 3,000 inazunguka digrii 72 tu. Wimbi lilelile linaloisaidia injini kwenye mwendo wa juu litaikuta valvu katika hali nyingine kabisa kwenye mwendo wa kati, na baada ya wimbi la kuvuta hufuata la kusukuma. Tarumbeta tupu huyapa mawimbi haya nguvu zaidi, yale mema na yale mabaya. Iliundwa kwa ajili ya mashindano, ambako mpanda pikipiki hashuki kabisa chini ya mizunguko 5,000. Barabarani unaishi kati ya 2,500 na 4,000, na hapo ndipo wimbi la kusukuma linaporudisha moshi ndani ya silinda na hata kuurudisha mchanganyiko nje kupitia kabureta.

Hapa ndipo ushauri wa kuongeza jeti unapoharibu. Hewa inayorudishwa nje kupitia kabureta imeshabeba mafuta. Ikivutwa tena ndani inapita juu ya jeti mara ya pili na kubeba mengine. Kwa hiyo kwenye lile eneo la kuzubaa injini yako ina mafuta mengi mno, si machache. Ukiongeza jeti, itazubaa zaidi na kutoa moshi mweusi. Na ukiziba nyuma kama rafiki yako anavyosema, utapunguza kelele kidogo na kubakiza moshi wa moto kwenye silinda, joto la valvu ya moshi likipanda. Hakuna unachopata.

Anayesema sailensa za kawaida zinaua nguvu ana ukweli wa kiasi kidogo: kwenye mizunguko ya juu kabisa, tarumbeta tupu iliyowekewa jeti sahihi inaweza kuizidi sailensa ya kiwandani. Lakini utaonja faida hiyo kwa sekunde chache ukiwa umefungua mafuta yote, na utalipia kila saa nyingine ya safari. Kelele na nguvu si kitu kimoja. Sikio hudanganyika kwa urahisi, kwa hiyo pima kwa saa na kilima kilekile kabla na baada.

Sasa kuchagua. Usinunue kwa umbo la nje; nunua kwa kilicho ndani. Sailensa nzuri ya barabarani kwa injini hii ina bomba la ndani lenye kipenyo kinacholingana na bomba la kutoka kwenye injini, limetobolewa matundu, na pembeni yake kuna nafasi kubwa iliyojazwa sufi ya kioo au iliyogawanywa vyumba. Gesi inapita katikati bila kuzuiwa, sauti inapotelea pembeni kupitia matundu. Kadiri nafasi hiyo ya pembeni inavyokuwa kubwa ndivyo unavyopata utulivu bila kuibana injini. Sailensa nyembamba na fupi haiwezi kuwa kimya bila kubana, hata muuzaji aapeje.

Nakala za bei nafuu zina magonjwa mawili. Ama ndani hamna kitu, kama zako, ama mtengenezaji amechomelea kisahani chenye tundu dogo katikati ili kelele ipungue. Ugonjwa wa pili ni mbaya zaidi kwa sababu kwa nje huuoni na pikipiki inasikika vizuri. Mulika tochi kwa mbele na kwa nyuma, kisha pitisha fimbo iliyonyooka. Kama mwanga unapita lakini tundu ni dogo kuliko kidole gumba, iache. Kuna aina nyingine ambayo bomba la ndani limezibwa mwisho ili gesi yote ilazimike kutoka kwa matundu. Hiyo haina ubaya ikiwa matundu yanatosha, na hesabu yake ni rahisi. Bomba la Bonneville lina kipenyo cha nje cha inchi moja na nusu, milimita 38. Ndani ni kama milimita 35, eneo lake milimita za mraba 960. Tundu la milimita 5 lina eneo la karibu 20. Matundu 48 yanalingana na bomba, lakini gesi ikikunja kona inapoteza nguvu, kwa hiyo taka mara moja na nusu hadi mara mbili: matundu 75 hadi 100. Ukihesabu 30, umeshapata jibu.

Angalia pia mdomo wa sailensa. Uingie kwenye bomba la milimita 38 kwa kubana kidogo, bila kuhitaji bati la kujazia. Pima mahali pa vishikizo kabla ya kulipa, kwa kuwa nakala nyingi hukosea kwa sentimita moja au mbili, na zipo za kulia na za kushoto. Sehemu ya chini kabisa iwe na kitundu cha milimita 3 cha kutoa maji. Lita moja ya petroli ikiungua inazaa karibu lita moja ya maji, na pikipiki inayowashwa dakika tano gerejini kisha kuzimwa huyaacha mengi ndani ya sailensa. Huenda sailensa za baba mdogo zilioza hivyo, kutoka ndani, kabla chumvi ya Mombasa haijazifikia kwa nje.

Kama unalipenda umbo la tarumbeta, huna haja ya kuliacha. Triumph wenyewe walifunga sailensa za umbo hilo kwenye Bonneville kuanzia mwaka 1971, zile ambazo fremu yake ndiyo tangi la oili, lakini ndani zilikuwa na vizuia sauti. Nakala zake nzuri zinapatikana. Jihadhari tu kwamba vishikizo vyake vilikusudiwa fremu nyingine, na kwa macho ya mtu anayeijua pikipiki ya 1969 zitaonekana ngeni. Kwa Ngong ningechagua zile ndefu zilizofanana na sigara, za mwaka wake. Kwa matumizi ya kila siku, lolote kati ya hayo mawili ni sawa.

Njia ya gharama ndogo, na kwa maoni yangu ndiyo ya kujaribu kwanza, ni kutengeneza bomba la ndani kwa ajili ya tarumbeta ulizo nazo. Fundi yeyote mzuri wa jua kali mwenye mashine ya kuchomelea na drili ya meza anaiweza kazi hii. Bomba la chuma kisichoshika kutu, unene wa milimita 1.2 hadi 1.5, kipenyo cha ndani milimita 35, refu kiasi cha kuanzia shingoni mwa tarumbeta mpaka karibu na mwisho. Litobolewe matundu ya milimita 4 au 5 yaliyopishana, theluthi moja ya uso wake au zaidi iwe wazi. Makali ya ndani ya kila tundu yasuguliwe kwa tupa ya mviringo, vinginevyo bomba litapiga mluzi. Likae katikati ya kisahani cha nyuma kinachoingia barabara kwenye mdomo mpana, na mbele liingie shingoni bila kuacha ngazi inayopunguza njia. Zungushia kwanza tabaka moja la nyuzi za chuma kisichoshika kutu, maana sufi ya kioo ikigusana moja kwa moja na gesi huliwa na kutemwa nje. Juu yake sufi ya kioo, gramu 100 hadi 150 kwa kila lita ya nafasi. Ukiishindilia kama godoro inaacha kunyonya sauti. Ikilegea inajikusanya upande mmoja. Funga kwa bolti moja ya milimita 6 na waya wa usalama. Usichomelee moja kwa moja, kwa sababu sufi itahitaji kubadilishwa.

Bomba hilo linaua utarumbeta wa tarumbeta, na hicho ndicho unachokitaka. Kuzubaa kutapungua sana siku hiyohiyo, kabla hujagusa jeti.

Usijaribu kufufua sailensa za zamani kwa kuzikata bila tahadhari. Vifaa vya enzi hizo vilivyojazwa nyuzi za kuzuia joto vinaweza kuwa na asbesto. Kama ndani kuna vitu vya nyuzinyuzi za kijivu au nyeupe, vilowanishe, usivipulize kwa kompresa, vaa barakoa inayofaa, na uvifunge kwenye mfuko. Bati likiwa limeliwa kiasi cha kupitisha kidole, hakuna kromu itakayoliokoa.

Kabla ya kufunga chochote, shughulikia risasi. Ukiachia mafuta ghafla, kabureta inafunga lakini pistoni zinaendelea kunyonya. Mchanganyiko unaoingia ni mdogo mno kiasi kwamba baadhi ya mizunguko haiwaki, na petroli mbichi inakwenda kwenye bomba. Peke yake huko haiwezi kuwaka kwa kukosa hewa. Lakini bomba likiwa na mwanya karibu na injini, wimbi la kuvuta linaingiza hewa safi kupitia mwanya huo, na mzunguko unaofuata unaileta cheche. Ndiyo risasi yako.

Kwenye pikipiki ya 1969 mianya hiyo iko mahali panapojulikana. Mabomba yanavalishwa juu ya vibomba vifupi vilivyoskrubiwa kwenye silinda hedi, na klampu zenye mapezi zinayabana. Kisha kuna kibomba cha kuunganisha, kilichoanza mwaka huohuo wa 1969, chenye klampu kila upande. Wengi hukiondoa kwa sababu kinasumbua kufunga. Usikiondoe. Silinda mbili za Bonneville hutoa moshi kwa zamu, moja kila mzunguko wa krenki, na kibomba hicho kinaufanya kila mpigo ugawanywe kwa sailensa mbili. Unapata ujazo mara mbili kwa kila mpigo, kelele inashuka, na mwendo wa kati unanenepa.

Kagua hivi. Injini ikiwa baridi, tikisa kila bomba kwa mkono. Kama kile kibomba kifupi kinacheza ndani ya hedi, acha hapo na usome aya ya mwisho. Tafuta alama nyeusi za masizi kwenye kila klampu. Kisha iwashe na, kabla haijapata moto, vaa glavu nene uzibe sailensa zote mbili kwa sekunde tatu au nne ukisaidiwa na mtu. Kuziba moja tu hakutakuonyesha kitu, kwa kuwa moshi utapita kwenye kibomba cha kuunganisha na kutokea upande wa pili. Penye mwanya utasikia kufyonza na kupuliza. Pakaa maji ya sabuni kama unataka kuona kwa macho. Kuziba mianya, tumia dawa maalumu ya ekzosti inayogandishwa na joto. Silikoni nyekundu ya gasketi haifai karibu na hedi; itaungua safari ya kwanza.

Wakati wa kufunga, legeza vyote kwanza. Sukuma mabomba hadi mwisho kwenye hedi, ingiza kibomba cha kuunganisha, valisha sailensa, funga vishikizo kwa vidole tu. Angalia kwa nyuma kama zimelingana kimo. Kisha kaza kuanzia kwenye hedi kuelekea nyuma. Kama kishikizo hakifikii, weka washa za kujazia. Usiivute sailensa kwa nguvu ya bolti. Injini hii inatetemeka, na bati lililovutwa litapasuka pembeni ya mshono ndani ya miezi michache. Baada ya kilomita 20 za kwanza, acha ipoe, kaza tena zote.

Kuhusu ubuluu: rangi iliyoingia kwenye kromu ya bomba la tabaka moja haitoki kabisa. Kuna dawa za kusugua zinazoipunguza, na zinafanya kazi kiasi. Kiasi kidogo cha buluu kwenye kona ya kwanza ni kawaida ya Triumph nyingi. Buluu iliyokolea hadi chini ni dalili. Chanzo cha kwanza cha kushuku ni taimingi iliyochelewa, maana mchanganyiko unaendelea kuungua wakati valvu imeshafunguka na moto unaingia bombani. Kwa injini hii cheche inapaswa kuwa digrii 38 kabla ya pistoni kufika juu, kifaa cha kuwahisha kikiwa kimefunguka kabisa. Kifaa hicho chenye springi, nyuma ya platini (swichi ya cheche), hushikwa na kutu kwenye pikipiki iliyolala miaka mingi, na kikishikwa cheche inachelewa daima. Kisafishe, kipake oili tone moja, weka mwanya wa platini milimita 0.38, kisha pima kwa taa ya taimingi kila silinda kivyake, kwa sababu kila moja ina platini yake na zinaweza kutofautiana.

Kama bomba moja ni buluu kuliko jingine, angalia hewa inayoingia pembeni ya kabureta ya upande huo. Amal Concentric, kabureta za pikipiki hii, zina ugonjwa maarufu: mtu akikaza nati kupita kiasi, uso wa kabureta unapinda kama upinde na mpira wa duara haufungi tena. Weka rula yenye makali juu ya uso huo. Ukiona mwanga katikati, umepinda na unahitaji kunyooshwa kwenye kioo chenye msasa.

Mabomba mapya utakayofunga baadaye yafute kwa spiriti kabla ya kuwasha, alama za vidole zinaokwa na kubaki. Ukiwasha, ondoka. Kuiacha injini ikinguruma imesimama dakika kumi ili "kusikiliza sailensa" kunachoma kromu kuliko safari ya saa nzima.

Sasa kabureta. Nairobi iko kama mita 1,795 juu ya usawa wa bahari, na hata ukihesabu joto la Mombasa, hewa ya Nairobi ni nyepesi kwa karibu asilimia 17. Nguvu inapungua kwa kiasi kama hicho, na hakuna sailensa itakayoirudisha. Kabureta haijui mwinuko: inaendelea kutoa mafuta karibu kama mwanzo huku hewa ikipungua, na mchanganyiko unakuwa mzito kwa kama asilimia 10. Namba kwenye meni jeti (jeti kuu) ya Amal ni kipimo cha mafuta yanayopita kwa dakika, hivyo hesabu ni ya moja kwa moja. Kama jeti zako za pwani ni 190, Nairobi zinataka kuwa kati ya 170 na 180. Soma namba iliyo kwenye jeti yenyewe, usiamini kumbukumbu ya mtu.

Na hapa kuna mtego. Sailensa tupu kwenye mwendo wa juu huifanya injini itake mafuta zaidi. Kwa hiyo jeti za Mombasa, hewa ya Nairobi na tarumbeta tupu vinaweza kukutana katikati na mwendo wa juu ukaonekana uko sawa. Ukishuka hivyohivyo pwani, hewa inakuwa nzito, mchanganyiko unakuwa mwepesi, na injini inakwenda kwa kasi kwenye barabara iliyonyooka na joto la mchana. Hivyo ndivyo pistoni zinavyotoboka. Ukifika Voi umeshashuka zaidi ya mita 1,000. Kanuni ya kushika: weka jeti kwa ajili ya sehemu ya chini kabisa utakayofika, na zibadilishe kabla ya kuondoka, si baada ya kufika. Nunua seti mbili. Kama hutaki usumbufu, bakiza za pwani muda wote na ukiwa Nairobi shusha sindano ya kabureta ngazi moja, yaani pini inayoishika iende kwenye mfuo wa juu zaidi. Itakunywa zaidi na kuwa nzito kidogo kwenye mwendo wa juu, lakini haitaungua.

Ukishaweka sailensa, kuziba mianya na kurekebisha taimingi, weka kabureta kama kitabu cha warsha cha mwaka wake kinavyosema, toa hesabu ya mwinuko, kisha sahihisha kwa hatua. Kila sehemu inatawala eneo lake la mkono wa mafuta: pailoti (njia ndogo ya petroli ya mwendo wa taratibu) hadi moja ya nane, mkato wa slaidi (kizibo kinachonyanyuliwa na mkono wa mafuta) kutoka hapo hadi robo, sindano kutoka robo hadi robo tatu, meni jeti kutoka robo tatu hadi mwisho. Bandika utepe mweupe kwenye mkono wa mafuta na uuchore alama hizo, vinginevyo utakuwa unakisia. Anza na meni jeti. Tafuta mlima mrefu usio na magari, gia ya tatu, mafuta yote. Kisha rudisha mkono kidogo: ikichangamka, ilikuwa na mafuta machache. Kama mkono wa hewa wa kabureta (choki) bado upo, ufunge kidogo. Ikichangamka ni dalili ileile. Ikigugumia, "bu-bu-bu", na plagi zikatoka nyeusi kavu, punguza. Badilisha namba moja kwa mara moja, kabureta zote mbili pamoja.

Kwenye pailoti watu wengi hupoteza wiki nzima. Skrubu ya pembeni ya Concentric ni ya hewa: ukiifunga unaongeza mafuta, ukiifungua unapunguza. Anza mzunguko mmoja na nusu nje. Kama hakuna mabadiliko unapoizungusha, njia ya pailoti imeziba, na huo ndio ugonjwa wa kawaida wa Concentric iliyolala. Kupuliza tu hakutoshi. Ondoa skrubu, pitisha waya wa milimita 0.4 (uzi mwembamba wa gitaa wa inchi 0.016 unatosha kabisa) moja kwa moja hadi upenye jeti ya pailoti iliyo ndani ya tundu hilo, kisha nyunyiza dawa ya kusafishia kabureta hadi uione inatoka. Pailoti iliyoziba ni chanzo cha pili cha risasi ukiachia mafuta. Hakikisha pia slaidi zote mbili zinanyanyuka kwa wakati mmoja: ingiza shina la drili la milimita 3 chini ya kila moja na urekebishe kebo mpaka zote ziachie pamoja. Kama mwendo wa kati unabaki mzito hata ukishusha sindano, jeti ya sindano imeliwa na sindano; badilisha vyote viwili, bei yake si kubwa.

Fanya yote haya nje. Moshi wa pikipiki inayorekebishwa una kaboni monoksaidi nyingi, na gereji yenye mlango mmoja inaua bila harufu ya kukuonya.

Kuna mambo matatu ambayo si ya kufanyia uani. Kibomba kifupi kinachocheza ndani ya hedi maana yake nyuzi za aluminiamu zimeliwa. Ukikaza kwa spana ya bomba utazimaliza, na dawa ya ekzosti haitakishika kibomba. Hedi inapaswa kuvuliwa na kupelekwa kwa fundi mchongaji ambaye ataweka nyuzi mpya. Risasi zinazoendelea baada ya kila ungio kuzibwa na pailoti kusafishwa zinataka kipimo cha mgandamizo wa silinda, kwa kuwa valvu ya moshi iliyoungua inaleta dalili hiyohiyo. Na sauti ya kugonga ukifungua mafuta mlimani, kama kokoto kwenye kopo, ni sababu ya kuizima na kuibeba kwa gari. Ukienda kwa fundi, mpelekee namba za jeti zote, nafasi za pini za sindano, kipimo cha taimingi cha kila silinda, na plagi zote mbili bila kuzisafisha, kila moja imeandikwa upande ilikotoka.